Barua ya Mwezi wa Tano

Barua ya mwezi wa tano wa huduma yangu ugenini ndiyo ya kwanza niliyodanganya. Niliandika, "Kwa neema ya Mungu, watu wanne wanaendelea vizuri na masomo ya Biblia," huku nikijua wawili kati yao hawajanifungulia mlango kwa wiki tatu, wa tatu amehama bila kuaga, na wa nne ni kijana aliyekuja kwa sababu alitaka nimfundishe Kiingereza. Nikaituma, nikafunga kompyuta, nikalala na nguo nilizoshinda nazo. Ilikuwa saa moja jioni.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayejiandaa kwenda ugenini kuhudumu kwa kujitolea, na ambaye kila anayemuuliza ushauri anamjibu, "Omba sana." Omba, ndiyo. Ila kuna mengine ambayo ningeshukuru kama mtu angeninong'oneza kabla sijapanda ndege.

Mpango wangu ulikuwa miaka miwili. Nilikuwa nimeweka akiba kwa miaka mitatu, na kanisa letu likaahidi kunichangia kila mwezi kwa sharti moja: kila mwisho wa mwezi niandike barua, isomwe Jumapili mbele ya washarika. Niliona ni sharti jepesi. Siku ya kuagwa niliwekewa mikono, kwaya ikaimba, mama akalia, nami nikalia. Niliondoka nikiwa na moto ambao sikufikiri kama nao unahitaji kuni.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata sijafika. Niliingia kwa viza ya utalii, kwa kuwa aliyekuwa akinipokea alisema wote hufanya hivyo na nitabadilisha nikishafika. Usifanye. Nchi nyingi huhesabu kazi ya kidini kuwa shughuli yenye kibali chake, hata kama hulipwi senti, na "kubadilisha ukifika" mara nyingi maana yake ni kutoka nje ya nchi na kuanza upya. Kwangu ilichukua miezi mitatu na safari moja ya mpakani. Miezi hiyo yote kila mlango ulipobishwa moyo ulinienda mbio. Mtu aliyekuja kuhubiri kweli, anajificha nyuma ya pazia! Nikitazama nyuma, naona kwamba zile barua zangu za uongo zilianzia pale. Nilikuwa nimeshazoea kuishi na kitu cha kuficha.

Fedha nayo. Nilikadiria chumba, nauli na chakula. Sikukadiria tafsiri za vyeti, mihuri, kuhama chumba mara mbili, wala jino lililooza mwezi wa sita. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimetumia theluthi mbili za akiba iliyotakiwa kunifikisha mwezi wa ishirini na nne. Kitu kimoja nilichokifanya sawa, kwa ushauri wa shangazi, ni kuacha nauli ya kurudi mikononi mwake na kumwapisha asinipe hata nikimlilia. Nililia mara mbili. Hakutoa. Bima ya afya pia usisite kuikata. Lile jino lilinifundisha.

Lakini si karatasi wala fedha zilizonizima.

Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa fungate. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, anasema fungate hiyo huweza kuchukua siku chache, wiki kadhaa au hata miezi sita, halafu huja kipindi cha kuwachukia wenyeji na kila walicho nacho, kabla mtu hajaanza kupata nafuu na hatimaye kuzoea. Makala yenyewe ilichapishwa katika jarida lililosomwa na wamisionari, kwa hiyo si habari iliyofichwa. Mimi niliisoma nimekwisha kurudi.

Nitawapa mfano wa jinsi fungate inavyokwisha. Katika lugha ya kule, neno la "kusamehe" na neno la "kukopesha" hutofautiana kwa kupandisha sauti tu. Mwezi wa pili nilimwambia mzee mmoja, kwa uso wa huruma kabisa, kwamba Mungu yuko tayari kumkopesha dhambi zake zote. Akanitazama, akauliza, "Kwa riba?" Tulicheka mpaka machozi, na barua ya mwezi ule ilijaa kicheko hicho. Mwezi wa nne nilikosea neno lilelile mbele ya watu wengine, nao wakacheka vilevile, bila ubaya wowote. Nilirudi chumbani nikalia hadi usiku. Kosa lilikuwa lile na kicheko kilikuwa kile. Niliyebadilika ni mimi.

Baada ya hapo mambo yaliteremka polepole. Nikawa nachelewa kuamka. Nikawa nabisha mlango kwa kidole kimoja, taratibu, nikiomba wasiwepo. Ndiyo, nilikuwa naomba wasiwepo. Jioni nilitazama picha za harusi za nyumbani hadi simu iniangukie usoni. Nikaanza kuwasema wenyeji moyoni: hawana shukrani, wanaahidi na hawaji. Nilipojikuta nimekasirishwa na namna mtu asiyenijua anavyosubiri basi, nilijua kuna kitu kimeharibika, ila nilikipa jina lisilo lake. Nilikiita ubaridi wa kiroho. Kwa hiyo nikaongeza kufunga: siku mbili kwa wiki, kisha tatu, huku nimechoka, nimekonda, na jino linauma.

Niliyekuwa nikiishi naye, dada mmoja mtu mzima kutoka nchi nyingine, aliyekuwa na miaka tisa katika kazi hii, alinivumilia kwa wiki kadhaa. Siku moja aliniwekea sahani mezani, akaketi mbele yangu, akasema, "Dada, wewe huna pepo. Una usingizi."

Nilikasirika. Kisha akanifungulia 1 Wafalme 19. Nilikuwa nimehubiri juu ya sura ile zaidi ya mara moja, na kila mara nilikimbilia ile sauti ndogo ya utulivu. Sikuwahi kusimama kwenye yaliyotangulia. Eliya amelala chini ya mretemu, anaomba afe, na malaika hamkemei wala hamwambii aongeze maombi. Anamgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Anakula, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Mungu anamlisha nabii wake na kumlaza kwanza, mambo ya mlimani yanafuata baadaye.

Nililala siku mbili. Msinicheke: siku ya tatu wale watu wa kituo cha basi walikuwa wamekuwa watu wazuri kabisa.

Laiti ingekuwa imeishia hapo. Usingizi ulinirudishia mwili, lakini barua ilikuwa bado ipo, na kila mwisho wa mwezi ilinikuta nikihesabu. Wangapi wanasoma, wangapi wamekuja, wangapi wameamua. Hakuna aliyeniagiza nihesabu. Ila nilijua Jumapili ile mtu atasimama kwenye mimbari na karatasi mkononi, na kina mama waliouza vitu vidogo vidogo ili wanichangie watakaa wakisubiri kusikia. Ningewaambiaje kwamba sadaka yao mwezi huu imezaa mlango uliofungwa?

Mtu akiwa katika hali hiyo huambiwa habari za wamisionari wa zamani: William Carey, aliyefika Bengal mwaka 1793 na kumbatiza Mhindi wa kwanza, Krishna Pal, mwishoni mwa 1800. Au Adoniram Judson, aliyefika Burma mwaka 1813 na kusubiri hadi 1819. Habari hizo ni za kweli na zilinipa pumzi. Lakini zina sumu kidogo ndani yake, nami niliinywa. Niliwageuza wale mababu kuwa kisingizio. Carey alingoja miaka saba, basi nami nangoja. Kumbe Carey katika miaka hiyo alikuwa amezama katika kujifunza Kibengali na kutafsiri Agano Jipya, na mimi daftari langu la msamiati nilikuwa sijaligusa kwa wiki sita. Ukitaka kujifariji kwa subira ya watu, tazama kwanza walikuwa wakifanya nini wakisubiri.

Mwezi wa saba babu alifariki. Nauli ilikuwepo kwa shangazi, lakini kibali changu kipya kilikuwa hakijatoka, na kama ningeondoka nisingeruhusiwa kuingia tena. Nilihudhuria maziko kwa simu. Binamu yangu aliishika juu ya vichwa vya watu, picha ikikatika na kurudi, na jeneza lilipoanza kuteremshwa ikasimama kabisa. Nilibaki nikitazama kiwiko cha mtu nisiyemjua kilichoganda kwenye kioo. Anayekwenda, kaa na watu wako kabla hujaondoka, mzungumze waziwazi: akifa fulani nitarudi, akifa fulani sitarudi. Ni mazungumzo machungu, lakini msiba ukitokea si wakati wa kuamua jambo hilo.

Sasa nimtaje bibi mwenye fimbo.

Alikuwa jirani, juu ya miaka themanini, macho yake yamekwisha kiasi kwamba hakuweza kusoma. Hakuwa na mpango wowote wa kujiunga na kanisa letu na alinieleza hivyo siku ya kwanza. Alichotaka ni mtu wa kumsomea Biblia yake, kila Alhamisi alasiri, sura kwa sura. Sikumwandika kwenye barua yoyote, maana hakuwa "tunda". Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi kwenye kigoda, na kila nilipotamka neno vibaya alipiga sakafu kwa fimbo yake. Pigo moja, umekosea. Mapigo mawili, rudia mstari mzima. Alhamisi za mwanzo kile chumba kililia kama karakana.

Alhamisi moja, wiki chache baada ya maziko, tulikuwa tumefika Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Ukisoma katika lugha usiyoijua vizuri huwezi kuruka. Kila neno linapita kwako kama mzigo unaopakuliwa mmojammoja. Katika sura ya kwanza, mstari wa nane, Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hataki wasijue dhiki iliyompata yeye na wenzake kule Asia, "ya kwamba tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Neno la "kukata tamaa" lilinishinda. Fimbo. Nikarudia. Fimbo. Mara ya tatu nikalitamka sawasawa, na sauti yangu ikakatika hapohapo.

Bibi hakuuliza kitu. Alisubiri, kisha akasema, "Hilo umelitamka vizuri."

Usiku ule nilikaa na mstari huo. Kilichonishika hakikuwa kwamba Paulo alikata tamaa, bali kwamba aliwaandikia. Hakutaka wasijue. Barua ile ilisomwa mbele ya kanisa, kama zangu. Nikakumbuka na habari ya mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ndani ya miezi michache akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Naye aliwaandikia waliomtuma, na akawatajia kaburi. Mimi nilikuwa naogopa kutaja milango iliyofungwa.

Barua ya mwezi wa nane niliiandika mara nne. Niliyoituma ilisema kwamba tangu mwezi wa tano nimekuwa nikiwapa hesabu zisizo za kweli. Kwamba hivi sasa hakuna hata mmoja anayesoma nami kwa utaratibu, ila bibi mmoja asiyetaka kujiunga nasi. Kwamba nimelala mchana mara nyingi kuliko nilivyohubiri. Kwamba babu amekufa na sijui namna ya kumlilia nikiwa huku. Nikaomba msamaha. Nikaituma kabla sijapata nafasi ya kuipamba.

Wiki mbili kimya. Sitawadanganya tena: zilikuwa mbaya kuliko miezi yote iliyotangulia. Kisha mambo yakaja pamoja. Mchangiaji mmoja mkubwa alijitoa, akasema hatukumtuma mtu akalale. Hakurudi hadi leo, na mchango ulipungua kweli. Mchungaji alinipigia, tukazungumza kwa saa nzima. Na mama mmoja wa kwaya, ambaye sikuwahi hata kumzoea, alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde chache: "Mwanangu, sasa ndiyo tumejua tukuombee nini." Nilikuwa nimewanyima watu hawa kazi yao. Miezi mitatu walikuwa wakimwombea mtu asiyekuwepo.

Tangu hapo ari ilianza kurudi, ingawa si kwa kishindo. Nadhani sehemu kubwa ya nguvu zangu ilikuwa ikiishia katika kumlea yule mhudumu wa kwenye barua, yule aliyekuwa na wanafunzi wanne. Nilipomwacha afe nilibaki na nguvu za kutosha mtu mmoja, na mtu mmoja ndiye niliyekuwa.

Niliyobadilisha ni haya. Barua zikawa na mambo matatu tu: lililoenda vizuri, lililonishinda, ninalohitaji. Ziliingia ukurasa mmoja. Pili, nilitafuta rafiki mmoja nyumbani asiyenichangia chochote, nikawa namweleza hata yale yasiyofaa kusomwa mimbarini. Asiwe mchangiaji, fedha hubadilisha sikio la msikilizaji na ulimi wa msemaji. Simu za nyumbani nikaziweka siku moja kwa wiki. Mwanzoni nilipiga kila jioni nikidhani zinanipa nguvu, kumbe kila nilipokata nilianza ugeni upya.

Lugha nikairudia asubuhi, kwa saa nzima kila siku kabla ya jambo lingine lolote. Nyingi ya siku ambazo nilidhani nimekosa imani, nilikuwa nimekosa msamiati. Mtu akikuuliza kwa nini mtoto wake alikufa, nawe una maneno mia nne, utaondoka mlangoni pake ukijiona huna Mungu.

Siku ya mapumziko nikaifanya iwe mapumziko kweli. Katika Marko 6 mitume wanarudi kutoka walikotumwa, wana habari nyingi za kusimulia, na Yesu anawaambia twendeni mahali pa faragha "mkapumzike kidogo". Ni kweli umati uliwawahi wakapumzika kidogo mno, lakini agizo lilitolewa.

Na nikaomba nipewe viti. Hili nalipenda kuliko mengine. Kila Jumamosi niliosha viti vya plastiki vya ukumbi wetu, sitini na vitatu. Mambo ya mioyo ya watu hayana mwisho wa siku; unalala hujui kama umefanya lolote. Viti vina mwisho. Unaanza vichafu, unamaliza visafi, maji yanatiririka mlangoni, unaviona kwa macho yako. Anayehudumu ugenini atafute kazi moja ya mikono inayokwisha.

Sikufika mwezi wa ishirini na nne. Mwezi wa ishirini na moja fedha zilikwisha na shangazi akaitoa ile nauli. Niliona aibu, mpaka yule dada niliyekuwa nikiishi naye aliponionyesha Epafrodito katika Wafilipi 2: kanisa limemtuma amhudumie Paulo, ameugua karibu kufa, amewatamani watu wake, na Paulo anamrudisha na kuandika wampokee kwa furaha yote na kuwaheshimu watu kama yeye. Hamwiti mtu aliyeshindwa. Anamwita askari mwenzake. Kwa hiyo kama unasoma haya ukiwa huko na umefika mahali pa kurudi kabla ya wakati, rudi, ila rudi kwa kuwaambia ukweli waliokutuma.

Alhamisi ya mwisho nilikwenda kwa bibi. Tulikuwa tumebakiwa na sura moja katika Ufunuo. Nilisoma taratibu, nikijua kwamba neno gumu liko mstari wa tano, nikalipita, hakuna fimbo. Mstari wa kumi, hakuna fimbo. Nikaanza kujisikia. Nikasoma hadi amina ya mwisho bila pigo hata moja, na nilipoinua macho kupokea sifa zangu nikaona kidevu chake kimeshuka kifuani na fimbo imeteleza hadi zulia. Alikuwa amelala, sijui tangu mstari wa ngapi.

Nikayaandika hayo kwenye barua ya mwisho, kama yalivyo.